Chumbe: Mgeni Njoo, Tumbawe Lipone

Wahenga wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Msemo huu twautumia siku mgeni anapochinjiwa kuku na watoto wa nyumba nao wakapata kitoweo. Lakini hoteli nyingi za mwambao zimeupindua: mgeni aja, akala, akalala, na mwenyeji akabaki na kisima cha chumvi, taka ufuoni, na njia ya pwani iliyozibwa kwa ukuta. Ndiyo sababu kisiwa cha Chumbe, yapata kilomita 12 kusini ya mji wa Unguja, chastahili kutazamwa kwa makini.

Kisiwa chenyewe ni kidogo, hakina mto wala kisima. Pana mnara wa taa uliojengwa na Waingereza mwaka 1904, na msikiti mdogo wa zama hizo za walinzi wa taa. Kwa kuwa magharibi yake ni njia ya vyombo viendavyo Dar es Salaam, wavuvi walizuiwa kutega upande huo, na matumbawe yakasalimika. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar iliutangaza mwamba huo kuwa hifadhi. Samaki waliohesabiwa hapo wapita aina 400.

Nyumba za wageni, zilizofunguliwa 1998, ni saba tu, nazo zimeezekwa makuti. Mvua huteremka kutoka paani, ikachujwa, ikaingia katika birika lililo chini ya sakafu. Maji ya kuoga hupashwa moto na jua, na yakishatumika huishia katika vitalu vya mimea vinavyoyachuja, yasifike baharini na uchafu wake. Choo hakivutwi kwa maji. Kilichomo hugeuka mboji. Umeme nao ni wa jua. Mashine za baridi hakuna; ukuta wa mbele hufunguliwa, upepo wa bahari ukaingia. Usiku njiani hapana taa, mgeni hushika tochi, ili kaa wa minazi na viumbe wengine wa usiku wasisumbuliwe.

Kwa mgeni wa Ulaya haya ni maajabu. Kwetu si mageni. Misikiti yetu ya kale ilikuwa na mabirika, nyumba zilijengwa kwa kufuata upepo, na israfu ya maji tumekanywa tangu chuoni. Lililo jipya ni mahali inapokwenda fedha. Malipo ya wageni ndiyo yalipayo walinzi wa hifadhi, wakiwamo waliokuwa wavuvi wa vijiji vya jirani, na ndiyo yanayowapeleka watoto wa shule za Unguja kujifunza kisiwani. Mtoto aliyezaliwa pwani, akala samaki kila siku, aweza kukua asilione tumbawe lililo hai!

Kasoro nazo zipo. Bei ya kulala Chumbe haifikiwi na mvuvi wala mwalimu. Tena hifadhi imtegemeayo mgeni hutetereka mgeni asipokuja: mwaka 2020, korona ilipofunga safari za dunia, mapato ya utalii yalikatika Zanzibar nzima. Wala joto la bahari halijui mpaka wa hifadhi. Mwaka 1998, na tena 2016, matumbawe ya Afrika Mashariki yalipauka kwa joto hilo.

Hata hivyo, Chumbe yatupa mizani. Siku mwekezaji atakapofika Kiunga, Lamu ama Wasini na karatasi iliyoandikwa "hoteli ya kuhifadhi mazingira," wazee wasianze kuuliza idadi ya vitanda. Wamuulize: maji utayatoa wapi, na machafu utayapeleka wapi? Mlinzi atakuwa mtoto wa nani? Na watoto wetu wataingia siku gani? Akiyajibu, akaribishwe. Akibabaika, apewe maji ya kunywa, aage.