Niliacha mikopo Gitega, nikafuata mshahara wa serikali Kobero

Na Mwandishi Maalumu, Muyinga

WATU wengi waliorudi kutoka Tanzania, na hata wale wanaovuka Kobero kila wiki na magunia yao, huniuliza swali moja. Iweje mtu aache kazi ya fedha, yenye tai na pikipiki ya ofisi, akatafute mshahara wa serikali? Wengine huuliza kwa kicheko. Lakini wapo wanaouliza kwa sababu wana kijana nyumbani aliyesoma Ngara au Kibondo, na wanataka kujua wamwelekeze wapi. Hao ndio ninaowajibu leo.

Nilifanya kazi miaka saba mjini Gitega katika taasisi moja ya mikopo midogo ambayo sitaitaja jina. Nilikuwa ofisa mikopo. Kwa asiyeijua kazi hiyo, mtu hupimwa kwa namba mbili. Ya kwanza ni fedha alizokopesha katika mwezi. Ya pili ni fedha ambazo marejesho yake yamechelewa zaidi ya siku 30. Ya kwanza ikishuka unaitwa na mkubwa wako, na ya pili ikipanda unaitwa pia. Nilikuwa na wateja zaidi ya 300, wengi wao wanawake waliokopa kwa vikundi, ambako mmoja akishindwa kulipa wenzake wanamlipia.

Tatizo ni kwamba mkulima wa milima yetu havuni kila mwezi. Mazao ya msimu A huvunwa kati ya Januari na Februari, ya msimu B Juni na Julai, na ya msimu C wa mabondeni huja baadaye wakati wa kiangazi. Rejesho, hata hivyo, lilidaiwa kila mwezi. Kwa hiyo Novemba na Aprili, wakati ghala ni tupu na mbegu imo ardhini, ndipo nilipogonga milango kwa nguvu zaidi.

Siku moja nilikuta kikundi kimeuza mbuzi wa mwenzao ili hesabu yangu itimie. Mwenye mbuzi, mama wa umri wa mama yangu, alinikabidhi fedha kwa mikono miwili. "Shefu, chukua," alisema. "Ila msimu ujao tutapata wapi samadi?" Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Mwaka huo nilikuwa na miaka 34, na daktari alinikuta na shinikizo la damu. Simu ikilia usiku nilishtuka kabla ya kuipokea. Mke wangu akaniambia kwamba mshahara mzuri ukiishia kwenye dawa hauna tofauti na mshahara mdogo.

Hesabu kabla ya barua

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, tulikaa na mke wangu tukapiga hesabu kwenye daftari la mtoto. Mshahara wa serikali ulikuwa chini ya nusu ya ule niliokuwa nikipata. Faida yake ilikuwa bima ya afya ya watumishi wa umma, ile Mutuelle iliyoanzishwa mwaka 1980, pamoja na saa za kazi zinazojulikana.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo wengi hawalitazami. Mfanyakazi wa taasisi ya fedha mara nyingi hukopeshwa na mwajiri wake kwa riba ndogo. Siku akiondoka, mkataba unaweza kusema riba ipande ifikie ile ya mteja wa kawaida, au deni lote lilipwe mara moja. Wa kwangu ulisema hivyo. Nilibaki miezi 14 zaidi nikilipa deni la nyumba, kisha mwaka 2022 nikaondoka nikiwa sidaiwi.

Pigo lilikuja mwaka uliofuata. Mei 2023 Benki Kuu ilishusha thamani ya faranga ya Burundi kwa karibu asilimia 38 dhidi ya dola. Mfanyabiashara akipigwa na faranga hupandisha bei, lakini mtumishi wa serikali hana cha kupandisha. Kilichotuokoa ni cherehani ya mke wangu na shamba la maharage. Ukweli ni kwamba bila vitu hivyo viwili ningerudi kwenye mikopo.

Wakubwa nao walipita njia hii

Uamuzi wa namna hii si mgeni katika Afrika Mashariki. Mwaka 1999 Rais Daniel arap Moi wa Kenya alikusanya kundi la wataalamu kuja kunyoosha serikali, wakiongozwa na Richard Leakey. Watu waliliita 'Dream Team'. Miongoni mwao alikuwa Martin Oduor-Otieno, aliyetoka benki ya Barclays kwenda kuwa Katibu Mkuu wa Hazina. Kundi hilo halikumaliza miaka miwili, kwani Machi 2001 liliondolewa. Oduor-Otieno alirudi kwenye mabenki, na mwaka 2007 akawa mkuu wa KCB.

Mwingine ni Michael Waweru. Alitoka kampuni ya ukaguzi wa mahesabu ya Ernst & Young mwaka 2003 akaongoza Mamlaka ya Mapato ya Kenya hadi mwaka 2012.

Hao ni wakubwa, na mimi ni karani. Lakini somo ni lile lile. Serikalini, ujuzi wa fedha peke yake hauhakikishi kwamba utadumu, na anayeingia huko ajue mlango wa kurudia uko wapi.

Kaunta ya Kobero

Hapa mpakani kazi yangu ni karatasi za wafanyabiashara wadogo. Kobero na Kabanga hufanya kazi kwa utaratibu wa kituo kimoja. Anayeingia Burundi hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili upande wa Kobero, na anayekwenda Tanzania hukaguliwa upande wa Kabanga, ambako saa iko mbele kwa saa moja.

Kila siku narudia maneno yale yale. Bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ikiwa kwenye orodha na thamani yake haizidi dola 2,000, inaweza kuvuka kwa cheti rahisi cha asili bila ushuru wa forodha. Kodi nyingine na vibali vya afya vinabaki pale pale. Asiyejua hili humlipa mtu wa njiani fedha ambazo hakutakiwa kuzilipa.

Mwaka jana mtu niliyefanya naye kazi Gitega alinipigia simu. Alitaka nimwambie ni wadaiwa gani wake wanaoingiza mzigo, na siku gani, ili awasubiri Muyinga mjini. Aliahidi kunikumbuka. Miongoni mwa majina aliyonisomea lilikuwemo la yule mama wa mbuzi, ambaye sasa anauza mchele.

Nilimjibu kwamba deni ni haki yake na mahakama ipo, lakini karatasi za kaunta si zangu wala si zake. Akasema nimesahau nilikotoka. Sikusahau. Nilikuwa najua siri za madeni ya watu, sasa najua siri za mizigo yao. Anayeziunganisha siri hizo mbili kwa malipo anaweza kumfilisi mtu kwa simu moja. Fedha hiyo ingelipa ada ya shule ya muhula mzima, na nyumbani tuliihitaji. Muhula huo ada tuliilipa kwa mafungu matatu.

Kwa mwenye kijana nyumbani

Kwa wazazi waliorudi, nasema haya. Vyeti vya Tanzania vipelekwe mapema wizara ya elimu vilinganishwe na vya hapa, maana bila hivyo maombi ya kazi ya serikali hukwama. Kijana ajifunze Kifaransa cha ofisini na kuandika Kirundi vizuri. Kiswahili chake asikidharau, kwani hapa mpakani ndicho kinachomaliza ugomvi kabla haujafika polisi, na tangu Februari 2021 wakuu wa Jumuiya walikubali kiwe miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya.

Na kwa aliye kwenye kazi ya fedha anayefikiria kuondoka, asome mkataba wake kwanza, amalize deni, kisha ahakikishe nyumbani kuna kitu kingine kinachoingiza chochote. Mshahara wa serikali hautamtajirisha. Mimi dawa za shinikizo bado nazimeza, ila daktari amepunguza kipimo mara mbili.