Njia za Pakiti: Ruta Zinavyoelekezana Kutoka Mlimani Hadi Pwani

Ruta hupokea pakiti ya data, husoma anwani inakokwenda, kisha huitoa kwenye mlango unaofaa. Mlango huo huujua kwa kutazama jedwali la njia lililomo ndani yake. Jedwali hujazwa kwa namna mbili: fundi huandika njia kwa mkono, au ruta huambizana zenyewe kwa itifaki ya uelekezaji. Ipi itumike wapi, umbo la ardhi huamua mengi.

Mteremko wa kusini wa Kilimanjaro umekatwakatwa na makorongo yanayoshuka kutoka msituni. Barabara nyingi hupanda na kushuka kwenye migongo ya ardhi, na mgongo wa ng'ambo ya korongo mara nyingi hufikiwa kwa kuteremka hadi barabara kuu kisha kupanda upya. Nyaya zinazofuata barabara hupata umbo hilohilo la matawi. Agosti 2022 Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL) lilifikisha intaneti ya kasi Horombo, kituo kilicho mita 3,720 juu ya usawa wa bahari kwenye njia ya Marangu. Ruta yoyote iliyo mwisho wa tawi la namna hiyo, yenye mahali pamoja tu pa kutokea, haihitaji itifaki. Mstari mmoja unatosha: kila anwani isiyo ya hapo ipelekwe bondeni. Hakuna itifaki inayoweza kugundua njia ambayo haijajengwa.

Bondeni ndiko itifaki inakopata kazi. Chukulia taasisi yenye ofisi Moshi na Arusha, umbali wa kilomita 80 hivi, zilizounganishwa kwa faiba ya gigabiti 1 kwa sekunde na kwa redio ya minara ya megabiti 100. Itifaki inayofaa hapa ni OSPF, ambayo toleo lake la pili, linalotumika hadi leo, limefafanuliwa katika waraka RFC 2328 wa mwaka 1998. Kila ruta hutangaza viungo vyake pamoja na gharama ya kila kimoja. Zote hupata ramani moja, kisha kila moja hukokotoa njia nafuu kwa kanuni aliyoichapisha Edsger Dijkstra mwaka 1959.

Kuiwasha ni maagizo machache: kuipa ruta kitambulisho, kutaja milango itakayoshiriki, kuiweka katika eneo 0, yaani kundi la ruta zinazogawana ramani moja. Kwa kawaida ruta jirani husalimiana kila sekunde 10, na jirani aliyekaa kimya sekunde 40 huhesabiwa kuwa hayupo. Namba ya eneo au muda wa salamu ukitofautiana pande mbili, ujirani hauundwi kabisa.

Mtego mkubwa zaidi umo katika gharama. Kwa ruta nyingi hupatikana kwa kugawa megabiti 100 kwa kasi ya kiungo, na jibu haliwezi kushuka chini ya 1. Redio hupata 1. Faiba, iliyo na kasi mara kumi, nayo hupata 1. Ruta huona njia mbili sawa na kugawanya mzigo nusu kwa nusu, na redio huelemewa huku faiba ikibaki na nafasi tele. Dawa ni kupandisha kasi ya rejea, kwa mfano hadi megabiti 10,000, na kufanya hivyo kwenye ruta zote. Hapo faiba hupata 10 na redio 100. Faiba ikikatika, redio hushika zamu bila fundi kugusa kitu.

Kutoka mtandao wa kampuni moja kwenda wa nyingine hutumika BGP, iliyoandikwa mwaka 1989. Hii haipimi kasi. Hufuata mapatano ya wenye mitandao na idadi ya mitandao inayopitiwa. Udhaifu huo wa kutopima kasi una uzito Afrika Mashariki. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Katika hali kama hiyo BGP hufuta njia zilizokufa na kuhamia zilizobaki, lakini haijui kama zilizobaki ni nyembamba. Kwa hiyo msimamizi hupanga mapema njia ipi itangulie na ipi isubiri, na hununua nafasi kwenye ile ya akiba. Mawasiliano ya ndani ya nchi hupitishwa kwenye kituo cha kubadilishana data, kama kile cha Dar es Salaam, ili barua pepe ya Moshi kwenda Mwanza isilazimike kuvuka bahari.