Pedi ya Gemu kwa Kompyuta ya Nyumbani Pemba

Anayenunua pedi ya kuchezea gemu kwenye kompyuta kisiwani Pemba ana maswali mawili ya kujiuliza kabla ya kutazama rangi na bei: je, kompyuta aliyonayo itaitambua pedi hiyo bila ya usumbufu, na je, ikiharibika, atapatikana wa kuitengeneza Chake Chake, Wete au Mkoani? Pedi, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni kile kifaa cha kushikwa kwa mikono miwili chenye vitufe upande wa kulia, msalaba wa mielekeo upande wa kushoto, na vijiti viwili vinavyosukumwa kwa vidole gumba. Swali la pili lina uzito zaidi Pemba kuliko Dar es Salaam, kwa kuwa bidhaa nyingi za elektroniki hufika kisiwani kwa boti na meli kupitia bara au Unguja, na mtu anayetaka kumrudishia muuzaji wa Kariakoo au Darajani pedi mbovu ya bei nafuu huenda akakuta kwamba nauli ya kwenda na kurudi inaizidi thamani ya pedi yenyewe.

Wapo wanaoona kwamba kibodi inatosha, na kwa gemu za kupanga mikakati, au zile za kulenga shabaha kwa mausi, wana haki. Mpira wa miguu ni jambo jingine. Kibodi humpa mchezaji mielekeo minane tu, ilhali kijiti cha pedi hupima pembe yoyote ile na pia kiasi kilivyosukumwa, kwa hiyo mshambuliaji aliyemo kwenye skrini anaweza kutembea, kukimbia au kukata ndani kwa pembe ambayo kibodi haina njia ya kuieleza. Tena kibodi nyingi za bei ya chini zimejengwa ndani kwa gridi ya nyaya zinazoshirikiana, hivyo vitufe vitatu au zaidi vikibonyezwa kwa pamoja, kimoja huweza kupotea kabisa. Ndugu wawili wanaogawana kibodi moja, mmoja akishika upande wa kushoto na mwenziwe wa kulia, watalaumiana kwa shuti lililokataa kutoka, na kumbe wa kulaumiwa ni kibodi.

Katika kompyuta zinazotumia Windows, ambao ni mfumo endeshi wa kampuni ya Microsoft, pedi huwasiliana na gemu kwa mojawapo ya taratibu mbili. Utaratibu wa zamani, uitwao DirectInput, ulizaliwa katika miaka ya 1990, na huiarifu gemu kwamba kitufe namba 1 au namba 3 kimebonyezwa, bila ya kusema kitufe hicho kiko wapi wala kina kazi gani, hata ikambidi mchezaji akipangie kazi mwenyewe. Utaratibu mpya, XInput, ulikuja pamoja na pedi ya Xbox 360 mwaka 2005, nao umepanga vitufe vyote tangu awali, kiasi kwamba gemu nyingi zilizotoka tangu hapo hukubali pedi ya aina hiyo mara tu inapochomekwa. Pedi ya DirectInput si ya kutupwa, kwa sababu zipo programu za bure, kama x360ce, zinazoifanya ionekane kuwa ya Xbox, lakini mtu asiyezoea kuhangaika na mafaili atajiepushia jioni nzima ya kero akinunua pedi iliyoandikwa kwenye boksi lake kwamba inatumia XInput.

Kuna mtego mwingine unaowanasa hasa waliokulia kwenye vibanda vya PlayStation. Vitufe vinne vya Xbox vina herufi A, B, X na Y, na vya PlayStation vina alama za msalaba, duara, mraba na pembetatu. Msalaba wa PlayStation, ambao wengi huuita X, umekaa chini, mahali pa A ya Xbox, ilhali X ya Xbox imekaa kushoto, mahali pa mraba. Katika PES, gemu ya kandanda ya kampuni ya Konami ya Japani ambayo tangu 2021 inaitwa eFootball, msalaba kwa kawaida ni pasi na mraba ni shuti. Maandishi ya kwenye kompyuta aghalabu hufuata herufi za Xbox, kwa hiyo mchezaji wa PlayStation anayefuata macho badala ya kidole hupiga shuti katikati ya uwanja alipotaka kutoa pasi. Dawa yake ni mazoezi tu.

Kwa mwenye fedha kidogo, zile pedi pacha za waya zenye umbo la PlayStation 2, mbili zikiwa zimeunganishwa kwenye kichwa kimoja cha USB, zina faida moja isiyopingika: wachezaji wawili hupata nafasi kwa tundu moja la kompyuta. Hasara yake ni kwamba nyingi hutumia ule utaratibu wa zamani, na kitufe chao kilichoandikwa Analog kisipowashwa taa nyekundu, kijiti hufanya kazi kama msalaba wa mielekeo tu, jambo ambalo wengi hulidhania kuwa ni ubovu. Pedi ya waya ya Xbox 360, hata iliyotumika, ndiyo inayostahili kupewa kipaumbele kuliko zote. Windows inaifahamu vyema, haihitaji betri, na ile halisi ina kiungio katikati ya waya kinachoachia chenyewe mtu akijikwaa, badala ya kuiburuta kompyuta chini. Mnunuzi ajihadhari tu na ile isiyo na waya ya toleo hilohilo, kwani hudai kipokezi chake maalumu, na waya wake wa kuchajia hupitisha umeme peke yake, wala haupitishi taarifa.

Pedi zisizo na waya kwa jumla hutumia Bluetooth au kipokezi kidogo cha USB. Kompyuta nyingi za mezani zilizotoka maofisini hazina Bluetooth, hivyo kipokezi ndiyo njia iliyo salama zaidi. Ama umeme, Pemba iliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2010 kwa kebo ya chini ya bahari kutoka Tanga, baada ya miaka mingi ya kutegemea majenereta ya dizeli, na hali ilibadilika sana. Lakini umeme unapokatika, pedi isiyo na waya yenye betri iliyojaa haina la kufanya mbele ya kompyuta ya mezani iliyozimika.

Jamaa walioko Maskati au Dubai huleta pedi za PlayStation 4 na 5 kama zawadi, na zawadi hizo hufaa, ila zinahitaji maandalizi. Steam, duka la gemu la mtandaoni la kampuni ya Valve, lilianza kuikubali rasmi pedi ya PlayStation 4 mwaka 2016, na kwa gemu zisizopitia Steam ipo programu ya bure iitwayo DS4Windows. Ya 4 huchomekwa kwa waya wa micro-USB, ya 5 kwa USB-C, na waya wenyewe lazima uwe wa kupitisha taarifa.

Sehemu ya pedi inayokufa mapema ni kijiti. Ndani ya vijiti vingi mna potensiomita, kifaa kinachopima mahali kwa kipande cha chuma kinachosugua utepe wa kaboni, na utepe ukilika, mchezaji aliyemo kwenye skrini huanza kujiendea bila ya kuguswa. Vijiti vinavyotumia kihisio cha Hall, kilichopewa jina la Edwin Hall, mwanafizikia wa Marekani aliyegundua kanuni yake mwaka 1879, hupima kwa sumaku bila ya vitu kusuguana, na Sega ya Japani iliwahi kuvitumia katika miaka ya 1990 kabla havijarudi sokoni hivi karibuni kwenye pedi za kampuni kama 8BitDo, GameSir na GuliKit. Kwa nyumba iliyo karibu na pwani, kuongeza bei kidogo ili kupata vijiti hivyo kuna maana, ingawa sumaku haizuii chumvi ya hewani kula kichwa cha USB na springi za betri. Kuihifadhi pedi katika kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana husaidia, hasa wakati wa masika.

Pedi ijaribiwe dukani kwenye kompyuta. Hubonyezwa kitufe cha Windows pamoja na R, huandikwa joy.cpl, kisha huchaguliwa pedi na sifa zake. Alama ndogo ya msalaba ndani ya mraba inapaswa kurudi katikati kila kijiti kinapoachiwa. Katika pedi ya Xbox, vitufe viwili vya nyuma huonekana hapo kwenye mhimili mmoja, kimoja kikivutia huku na kingine kule, na vikibonyezwa pamoja huonekana kama havifanyi kazi. Huo si ubovu.

Waya ukikatika shingoni, pale unapoingia kwenye pedi, kazi hiyo haihitaji mtaalamu wa kompyuta, kwani fundi redio mwenye pasi ya kulehemu anaweza kuimaliza. Kwa kawaida nyaya ni nne: nyekundu hubeba volti 5, nyeusi hufunga mzunguko, nyeupe na kijani hupitisha taarifa. Nyeupe na kijani zikibadilishana, kompyuta haitaiona pedi mpaka zirudishwe mahali pake. Nyekundu na nyeusi zikibadilishana, bodi inaweza kuungua, kwa hiyo hizo mbili ndizo za kukaguliwa kabla ya kuchomeka.