Walijaza Viwanja, Sanduku la Kura Wakaliona kwa Mbali

Ndugu msomaji, juma hili kijana mmoja ninayefanya naye kazi studio aliniuliza: "Hivi dada, wanawake wa nchi hii walipewa kura mwaka gani?" Nikamwambia swali ni zuri, ila neno "walipewa" ndilo linalonisumbua.

Tuanze na uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, uliofanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Kwenye maandishi, sheria haikumkataza mwanamke. Ilitaka mpiga kura awe ametimiza miaka 21, tena awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000 za wakati ule, au kisomo cha kiwango kilichowekwa, au kazi yenye cheo kilichotambuliwa.

Sasa piga hesabu. Muuza vitumbua wa Kariakoo angezitoa wapi shilingi 3,000? Binti aliyeachishwa shule ili aolewe angekipata wapi kisomo hicho? Vyeo navyo vilikuwa mikononi mwa wanaume. Mlango haukufungwa, lakini kizingiti kiliwekwa juu mno.

Na hawa ndio waliokibeba chama. TANU iliundwa Julai 7, 1954. Mwaka uliofuata, Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma Dar es Salaam, alikabidhiwa kazi ya kuwaingiza wanawake. Yeye aliwaendea kwanza viongozi wa vikundi vya ngoma. Alijua anachofanya. Vikundi hivyo vilichanganya makabila, vilikuwa na viongozi wanaosikilizwa na desturi ya kuchangishana fedha. Neno likitoka leo, kesho limefika kila mtaa. Katika miezi michache ya mwaka 1955 wakaandikishwa wanawake wapatao 5,000. Waliuza kadi, wakachanga, wakapokea wageni, wakajaza viwanja.

Ilipofika siku ya kura, wengi wao walibaki nje. Waliokidhi masharti walitakiwa kupiga kura tatu: moja kwa Mwafrika, moja kwa Mwasia na moja kwa Mzungu. TANU iliuchukia utaratibu huo, lakini katika mkutano wake wa Tabora, Januari 1958, iliamua kuingia. Kwa njia hiyo wanawake watatu waliingia Barazani wakiungwa mkono na TANU: Sophia Mustafa wa Arusha, Lady Marion Chesham na Barbro Johansson. Mmoja Mwasia, wawili Wazungu. Walifanya kazi nzuri, na sisemi haya kuwapunguzia sifa. Nasema tu kwamba mama aliyeuza kadi hakuwa na nafasi hata ya kumchagua mwenzake.

Kizingiti kilishushwa hatua kwa hatua. Katika uchaguzi wa Agosti 1960, aliyejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza aliweza kuandikishwa, na kipato kilichotakiwa kikapunguzwa hadi pauni 75. Ilikuwa uchaguzi wa Rais wa Novemba 1962 ambapo kila raia mtu mzima, asome asisome, awe na fedha asiwe nazo, alikuwa na kura yake.

Bibi yangu mzaa mama aliiweka kadi yake ya TANU ndani ya sanduku, chini ya kanga zake. Utotoni nilidhani kadi hiyo ndiyo iliyompa kura. Baadaye nikaelewa kwamba aliinunua akiwa hana kura, kwa senti za maandazi, miaka kadhaa kabla ya mtu yeyote kumwita kituoni.

Kwa hiyo, kijana wangu, jibu ni hili: hawakupewa. Walilipa kwanza, wakapiga kura baadaye. Nawe unayeiacha kadi yako kabatini siku ya uchaguzi ukisema foleni ni ndefu, kumbuka kuna waliosimama kwenye foleni hiyo miaka minane.

Kwa leo naishia hapo.