'Shout' si kupiga kelele kila mara

Taarifa za Kiingereza zinapowasili kutoka mashirika ya habari ya ng'ambo, kitenzi 'shout' aghalabu hufasiriwa 'piga kelele', na mfasiri akaendelea na sentensi inayofuata. Ni tafsiri nyepesi ambayo hakuna aulizaye. Hata hivyo, mara nyingi humsingizia mtu jambo ambalo hakulifanya.

Kwa asili, 'shout' huarifu jambo moja tu, nalo ni ukubwa wa sauti. Hakisemi iwapo mwenye sauti hiyo ana hasira, furaha au hofu, au anamwita tu mwenzake aliye ng'ambo ya mto. Waingereza huyaachia kazi hiyo maneno yanayokifuata. Anaye-'shout to' mtu anataka asikike kwa kuwa wametengana kwa umbali. Anaye-'shout at' mtu amemkasirikia, hata kama wameketi meza moja. Kijineno cha herufi mbili ndicho kitenganishacho mwito na ugomvi. 'Shout down' nako ni kumhanikiza msemaji hadi maneno yake yasisikike. Nchini Australia na New Zealand, kitenzi hicho hicho humaanisha pia kumnunulia mwenzako kinywaji, na ole wake mfasiri atakayeandika kwamba wateja wa baa walipigiana kelele ilhali walikuwa wakikaribishana.

Kiswahili hakina haja ya kungoja kijineno cha nyuma, kwani hali huwa tayari imo ndani ya kitenzi. Foka ni mfano mzuri. Hutumika kwa maji yanayochemka yakaruka nje ya chungu, na pia kwa mtu ambaye hasira zimemzidi. Kwa hivyo, shahidi aliyeongeza sauti kwa sababu hakimu alikuwa hamsikii vyema, akiandikiwa kwamba 'alifoka', atakuwa ameonyeshwa mbele ya wasomaji kama mtu aliyekosa adabu mahakamani. Huyo alipaza sauti, basi. Kukemea nako hudokeza mamlaka: mzazi humkemea mwanawe, na ikiandikwa kwamba mwanafunzi alimkemea mwalimu mkuu, msomaji ataisoma sentensi hiyo mara mbili.

Penye hatari, mwathiriwa hupiga nduru au mayowe, au hupiga kamsa ili majirani waje wamwokoe. Kusema kwamba mama aliyevamiwa na majambazi usiku wa manane 'alipiga kelele' si kosa la sarufi, lakini ni kupunguza uzito wa tukio.

Ugumu wa 'piga kelele' unatokana na nomino yenyewe. Kelele ni sauti, ila pia ni usumbufu. Yeyote aliyesomea shule ya msingi nchini Kenya anaikumbuka orodha ya wapiga kelele ambayo kiranja aliiandika mwalimu akiwa nje ya darasa. Wakazi wa mtaa uliokaa wiki tatu bila maji wanapoandamana, kisha taarifa ikasema walikuwa 'wakipiga kelele' nje ya ofisi za kaunti, ni kana kwamba majina yao yameandikwa katika orodha hiyo. Madai yao yamegeuzwa usumbufu kabla hayajasikizwa. Afisa anayewajibu, naye, huandikwa kwamba 'alieleza'.

Haimaanishi kwamba msemo huo upigwe marufuku. Katika Biblia ya Union ya mwaka wa 1952, watu wa Yoshua wanapiga kelele na ukuta wa Yeriko unaanguka, na hakuna msomaji anayewadhania kuwa wasumbufu. Muktadha umewatosheleza.

Pale ambapo taarifa ya Kiingereza haidokezi hali ya msemaji, wala mwandishi hakuwapo kushuhudia, 'alisema kwa sauti kubwa' ni maneno manne yasiyomwongezea mtu hasira wala hofu asiyokuwa nayo.