Kisonono Kisichotoa Ishara

Kwa miaka mingi madaktari waliamini kwamba mwanamume akipata kisonono atajua tu. Siku chache baada ya kuambukizwa usaha utatoka, mkojo utachoma, naye atakwenda hospitali hata kama anaona aibu. Wanawake ndio waliodhaniwa kuubeba ugonjwa huo bila kujua.

Mwaka 1974 madaktari wa Seattle, Marekani, akiwemo Hunter Handsfield na King Holmes, walichapisha matokeo yaliyoitikisa imani hiyo. Walikuwa wamepima zaidi ya wanaume 2,600, wakawakuta 59 wana kisonono. Kati ya hao 59, wanaume 40 hawakuwa na dalili yoyote. Tena wapo waliokaa na bakteria hao miezi kadhaa bila kuhisi lolote.

Kwa nini mmoja alie kwa maumivu na mwingine asisikie kitu? Jibu la haraka ni kwamba miili hutofautiana. Ni kweli, lakini watafiti wa Seattle waliwageukia bakteria wenyewe. Waliwaotesha maabara kwenye chakula kilichopunguzwa kirutubisho kimoja kimoja, ili waone nani atashindwa kukua. Wakagundua kundi la bakteria wa kisonono lisiloweza kujitengenezea vitu vitatu: arginini, haipozanthini na urasili. Matokeo yaliyotoka mwaka 1977 yalionyesha kuwa kundi hilo lilichukua asilimia 96 ya sampuli za wanaume wasio na dalili, na asilimia 40 tu ya sampuli za wenye dalili.

Ili kuelewa tofauti hiyo, ni lazima kujua usaha unatoka wapi. Bakteria hawautengenezi. Mwili ukigundua kwamba umevamiwa hutoa kemikali za kuita chembe nyeupe za damu. Chembe hizo hufurika kwenye njia ya mkojo, hupigana na kufa kwa wingi, na mabaki ya vita hivyo ndiyo usaha. Baadhi ya bakteria huamsha mwito huo upesi, wengine huuchelewesha. Mgeni asiyebisha hodi hukaa muda mrefu ndani ya nyumba.

Ukimya huo usichukuliwe kuwa upole. Huko huko Seattle, kundi hilo hilo lilihusishwa na kisonono kinachoingia kwenye damu, kikavimbisha viungo na kutoa vipele kwenye ngozi. Faraja ilikuwa moja: lilikufa kirahisi kwa penisilini, dawa ambayo leo haitegemewi tena kutibu kisonono kwa sababu ya usugu. Wala aina ya bakteria si maelezo ya kila kitu, maana kisonono cha koo na cha njia ya haja kubwa mara nyingi hakina dalili.

Maambukizi yasiyo na dalili kwa wanaume yana ushahidi mzito Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1990, watafiti waliwapima wanaume karibu 5,900 wa vijijini mkoani Mwanza. Miongoni mwa waliokutwa na kisonono au klamidia, ambayo nayo ni ugonjwa wa zinaa, ni takriban asilimia 15 tu waliolalamika kutokwa na usaha. Wengine wangeweza kuendelea na maisha ya ndoa bila wasiwasi.

Hapo ndipo penye hatari. Zahanati nyingi hutibu magonjwa ya zinaa kwa kuangalia dalili, na utaratibu huo umewaponya watu wengi mahali pasipo na maabara. Lakini asiye na dalili hafiki zahanati. Mwenza wake anaweza kutibiwa, akapona, kisha akaambukizwa upya. Kwa mwanamke, maambukizi yakipanda hadi kwenye mirija ya uzazi huweza kuleta ugumba au mimba kutunga nje ya kizazi, na mara nyingi lawama za kukosa mtoto humwangukia yeye peke yake. Ndiyo maana mwenza wa mgonjwa hupaswa kutibiwa hata anapoapa kwamba yuko salama.

Kipimo cha kumtambua mwanamume asiye na dalili kipo, nacho hakina maumivu: mkojo kidogo kwenye kikopo, kisha mashine inatafuta vinasaba vya bakteria. Mashine za GeneXpert, ambazo hospitali nyingi za ukanda huu zinazo kwa ajili ya kifua kikuu, zinaweza kufanya kazi hiyo kwa muda wa saa moja na nusu hivi, zikiwekewa katriji ya kisonono na klamidia.