Kupima Nyimbo Zinazopendwa: Orodha za Muziki na Masikio ya Jericho

1. Utangulizi

Orodha ya nyimbo zinazopendwa, ambayo watangazaji huiita chati, ni jedwali linalozipanga nyimbo kwa ngazi, aghalabu kila juma. Jedwali hilo huchukuliwa kuwa kioo cha mapenzi ya umma. Kwa hakika ni mizani, na mizani hupima kile tu kilichowekwa juu yake. Kwa mwanaisimu jambo hili lina uzito: nyimbo zisipohesabiwa, lugha yake nayo huonekana kana kwamba haina wasemaji.

2. Utungaji wa orodha

Orodha ya kwanza ya Uingereza ilitolewa na gazeti la New Musical Express tarehe 14 Novemba 1952. Wenye maduka ya santuri wapatao 20 walipigiwa simu wakaulizwa zipi zimeuzwa zaidi. Nchini Marekani, jarida la Billboard lilianzisha Hot 100 mwaka 1958, likichanganya mauzo na kupigwa redioni. Hadi mwaka 1991 mauzo yalitegemea kauli za wauzaji. Ndipo hesabu za mitambo ya madukani zilipoanza kutumiwa. Punde muziki wa rapu na wa kantri ukapanda ngazi. Wasikilizaji hawakuwa wamegeuka ghafula. Iliyogeuka ni mizani.

3. Hali ya Kenya

Kenya haijawa na orodha moja ya kudumu iliyokubaliwa na wote kuwa ya taifa. Enzi ya Sauti ya Kenya (VOK), kipimo kilichokaribia hapo kilikuwa vipindi vya salamu. Msikilizaji alijaza kadi, akataja wimbo na majina ya aliotaka kuwasalimu. Kadi hiyo, basi, ilipima wimbo na udugu kwa pamoja, wala haikuwa rahisi kuvitenganisha.

Upungufu huo wadhihirika katika wimbo Helule Helule wa Daudi Kabaka. Kundi la Tremeloes lilipouimba mwaka 1968, ulifika nafasi ya 14 nchini Uingereza. Hivyo cheo chake ugenini kinajulikana kwa tarakimu, ilhali nyumbani ulikozaliwa hapakuwa na kipimo cha aina hiyo.

Mwaka 1980 VOK iliamriwa kwamba asilimia 75 ya muziki wake uwe wa Kenya. Amri hiyo haikudumu. Lau ingalidumu, orodha yoyote iliyotegemea redio ingalionyesha mapenzi mengine, na wasikilizaji wakiwa ni wale wale.

4. Mfano wa Jericho

Jericho ni mtaa uliojengwa na Baraza la Jiji la Nairobi, jirani na Jerusalem, Ofafa na Maringo. Ni katika mitaa hii ya Eastlands ambamo Sheng ilistawi tangu miaka ya 1970. Huku kusikiliza ni tendo la watu wengi: ndani ya matatu, kwa kinyozi, kwenye baa, au kupitia ukuta wa jirani. Wimbo mmoja ukipigwa katika matatu iliyojaa, abiria wote huusikia; lakini mtandao huhesabu mara moja, na ikiwa wimbo umenakiliwa kutoka simu hadi simu, hauhesabu kamwe.

Orodha za sasa hutegemea YouTube, Boomplay na Spotify, iliyoingia Kenya mwaka 2021. Kwa upande mmoja zimepunguza mamlaka ya mtangazaji aliyeikataa Sheng. Lamba Lolo ya kundi la Ethic, kutoka Umoja, ilienea kupitia YouTube mwaka 2018 kwa lugha ambayo redio ya zamani isingeikubali. Kwa upande wa pili, zampima zaidi mwenye simu na fedha za kununua data. Kijana asikilizaye mara 20 kwa siku huandikwa mara nyingi. Mama auzaye mboga sokoni Jericho, asikilizaye redio ya duka la pili, haandikwi.

5. Hitimisho

Mtafiti anayechagua matini za nyimbo kwa kufuata orodha hana budi kuuliza mambo matatu: nani alihesabu, alihesabu nini, na mahali gani. Bila hayo, kamusi ya Sheng au uchunguzi wa Kiswahili cha mijini utakaotokana na orodha hizo utakuwa ushahidi wa simu za watu kuliko wa vinywa vyao. Tiba yake ni kazi ya uwandani: kuandika kwa juma zima nyimbo zisikikazo katika matatu na vibanda vya mtaa mmoja, kisha kuzilinganisha na zilizo kileleni mwa orodha.